Walifyeka Pori la Marehemu, Sasa Shemeji Analeta Trekta

Mshauri mpendwa, naomba unisikilize, maana hapa nyumbani kila nikianza kueleza jambo hili naambiwa nipumzike.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Zamani shamba letu la mteremkoni tulililima mahindi mpaka udongo ukachoka, mvua ikawa inaushusha mtoni, ndipo yeye akasema tuliache lijirudie lenyewe, hakupanda mti hata mmoja, alizuia moto na mbuzi tu, yakaja majani, vikaja vichaka, kisha miti ikaanza kuota, na kila jioni alirudi na habari zake kama mtu aliyetoka kutembelea ndugu, leo kuna ndege wamejenga, leo kuna mti umenifika begani. Majirani walimwita Bwana Pori, naye akawa anaitika.

Siku ya msiba nilikuwa ndani na akina mama, nikasikia mafyekeo, nikadhani wanasafisha uwanja watu wapate pa kukaa, kumbe shemeji yangu na wenzake wameingia shambani, wakidhani limeota magugu kwa kuwa mwenyewe aliugua muda mrefu, wakaona aibu wageni walikute vile, wakafyeka lote, kisha shemeji akaja mlangoni jasho likimtoka akaniambia, "Shemeji, usiwe na wasiwasi, tumekusafishia," nami nikasema ahsante, ningefanya nini na watu wamejaa.

Sasa anasema kwa kuwa limeshakuwa jeupe ataleta trekta mvua zikikaribia, anilimie nisije nikalala njaa, na mawifi wanamsifu. Nikipita pale naona visiki tu, siwezi hata kusema mti upi ulikuwa upi, aliyeijua miti ile hayupo. Je, nimwache alime, yaishe?

Mjane wa Bwana Pori

JIBU

Pole sana, mama. Sitakuambia usilie.

Lakini nikugombeze kidogo. Shemeji yako hajui, wewe unajua, na ukiambiwa upumzike unanyamaza. Atayasomaje yaliyo moyoni mwako? Amefyeka kwa upendo, na kwa upendo huohuo ataing'oa mizizi, na hapo ndipo itakuwa imekwisha kweli. Fyekeo hukata juu tu. Miti mingi ikikatwa michanga huchipua tena kisikini. Si yote, sitaki kukudanganya. Iliyokufa imekufa, na hiyo itakayochipua huenda usiishi kuiona ikitoa kivuli.

Nenda kwa shemeji wiki hii, usitume mtu. Mshukuru, kisha mpeleke mpaka shambani umwambie waziwazi, "Hili kaka yako aliliacha kwa makusudi." Atafedheheka sana. Mwache afedheheke, usimpoze kwa kumruhusu alime. Akitaka kukulimia, mwonyeshe kipande cha karibu na nyumba. Akitaka kulia, lieni wote.

Kisha mwombe asafishe ukanda wa kuzuia moto pembeni, maana majani yaliyofyekwa yamekauka, cheche moja tu itamaliza kilichobaki. Mbuzi wasiingie. Visiki usiviguse, wala usipande chochote kwa haraka ya kutaka kuona kijani.

Na akishupaa, siku trekta likija toka ndani ukasimame katikati ya shamba. Maneno utakuwa umeshayasema. Simama tu mpaka lizimwe.