Mpira Kwenye Flashi ya Mawaidha

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Mama mkwe kapiga simu toka Magoma. Shemeji Ukasha, kaka mkubwa wa mume wangu, anakuja Handeni Ijumaa kwenye harusi, na atalala kwetu – si ombi, ni amri! Tangu wagombanie mpaka wa shamba, yeye na mume wangu Zaidi hawasemeshani. Hata msibani walisalimiana kwa kukohoa. Zaidi kasikia, kisha kainama uvunguni kutoa pleisteshen, mashine yao ya gemu ya ujanani. Ndiyo suluhu yake hiyo. Mwanaume ana mvi!

Jumanne, 9 Septemba
CD ya mpira imekwaruzika, haisomi. Kumbe siku hizi gemu linahamishiwa kwenye flashi. Fundi wa stendi kampa kadi ya kuiwezesha mashine kusoma flashi, na laptop kaazima kwa jirani yetu, mwalimu Kaleb, mzaliwa wa Bungu. Kaleb kamwonya: fomati flashi kwanza, yaani futa kila kitu, ibaki tupu. Gemu likibanwa kati ya mafaili mengine linakatika vipande, halafu linaganda. Bwana wangu kaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora.
Flashi tunayo moja tu. Ina mawaidha ya Ramadhani na taarab zangu.

Jumatano, 10 Septemba
Hafuti! Anasema kufuta mawaidha uweke mpira ni kujitafutia balaa. Ayahamishie kwenye laptop, basi? Eti kuyaweka kwa Mkristo si adabu. Kaleb kacheka mpaka kashika ukuta, kasema labda laptop ingesilimu kabla yake.
Zaidi kafuta taarab zangu badala yake. Zote! Gemu likaingia kwa kubanwabanwa. Nimemnunia mpaka magharibi.

Alhamisi, 11 Septemba
Limewaka! Kafunga goli, kashangilia peke yake. Nikamuuliza, na Ukasha akikataa kucheza? Kaanza kuifuta mashine vumbi. Anaogopa, maskini. Na mimi naogopa. Nyumba hii imepoa bila kelele za shemeji yangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Kafika. Shikamoo kaka, marahaba, basi. Wamekula ugali kwa mlenda, kila mtu na sahani yake. Nikamtania Ukasha, kwani huko Magoma ndimi zinakatwa? Katabasamu kidogo. Zaidi kamsogezea pedi ya kuchezea bila neno – kaipokea! Wakacheza kimya, mpaka Ukasha anataka kupiga penalti, gemu likaganda.
Akamgeukia mdogo wake: ulifomati? Zaidi akaeleza habari ya mawaidha. Ukasha akacheka kwa sauti. "Yaani we bwana hujabadilika!"
Sasa wako kwenye laptop ya Kaleb, mabega yamegusana. Mimi naandika huku chumbani, pazia nimeliacha wazi makusudi. Laptop inauliza kama mafaili yote yafutwe. Hakuna anayetaka kubonyeza! Ukasha anasema flashi yako, dhambi yako. Zaidi anasema hapana, wewe ndiye mkubwa, mkubwa ndiye anayeamua.
Ukasha kaondoa mkono kwenye laptop. Kisha kauliza taratibu: kwa hili tu, au na la shamba?
Zaidi kaondoa macho kwenye laptop. Ila hajainuka, bega lake bado limegusa la kaka yake –