Kioo Kilichobaki Malampaka

Bariadi mjini,
3 Juni 2024

Baba mkwe Mabula,

Shikamoo. Mwangaluka kwa nyumba nzima ya Nkololo. Mimi na binti yako Milembe hatujambo, watoto wanaendelea na shule. Natumaini mguu wa mama umetulia.

Nimesikia jiwe la lori la pamba limepasua kioo cha mbele cha pikapu. Poleni. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekukatia bima kubwa hapa ofisini, madai yako nimeshayafungua. Jambo moja tu, baba. Kampuni inataka gari liletwe kwenye gereji yake hapa mjini, fundi wa nje haitamlipa. Najua umezoea kwa mzee Jilala kule Malampaka, lakini ndivyo masharti yalivyo. Ukilileta Alhamisi ya wiki ijayo utaondoka nalo siku hiyohiyo.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu ulinifundisha nilipokuja kuposa: simu kwa wakwe ni ya salamu, neno zito liandikwe.

Mkweo,
Kasmiri


Nkololo,
6 Juni 2024

Mkwe wangu Kasmiri,

Marahaba. Wabeja kwa salamu. Mguu wa mama yako Mektilda umepona, sasa kinachomsumbua ni mdomo, maana hanyamazi kuhusu kile kioo.

Barua yako imenikuta mambo yameshaharibika. Jilala alisikia habari ya jiwe, akapanda treni mpaka Mwanza bila kuniuliza. Amerudi na kioo amekifunga blanketi la mkewe, amekibana kati ya magoti njia nzima. Sasa kimeegemea ukuta sebuleni kwake. Jilala nimechunga naye ng'ombe hatujaota ndevu. Akikuwekea kioo hakupi gari. Ufunguo anautia mfukoni, madirisha anaacha wazi kiasi cha kiganja, nawe unakula na kulala kwake mpaka gundi ikauke. Miaka kumi na moja namlalamikia, na kioo chake hakijawahi kuvuja hata tone.

Nitamwambia nini? Sina shaka nawe, mkwe hapekuliwi. Naomba tu unitajie ukurasa wenye hilo sharti, nimwonyeshe, nipate uso wa kumtazama. Na kama ukurasa hakuna, niambie. Mtu husahau.

Baba yako,
Mabula


Bariadi mjini,
10 Juni 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Sisi wazima, ni kazi tu zimebana.

Kuhusu ukurasa, karatasi zako ziko makao makuu, ila sharti lipo, nimelisoma mwenyewe. Mzee Jilala asihuzunike, kile kioo atampata mwingine wa kumuuzia. Nakungoja Alhamisi.

Mkweo,
Kasmiri


Nkololo,
19 Juni 2024

Mkwe wangu,

Hatujambo. Mvua hakuna, pamba inachumwa.

Gari nililileta kama ulivyosema. Nilikabidhiwa hata chai niliyonunua haijapoa. Nilifurahi kuona pikipiki yako ina tairi mpya, nikakusifu mbele ya wale mafundi. Wewe ukainama, nikadhani ni adabu ya mkwe.

Siku ya pili nilipita Malampaka. Nilimwambia Jilala kampuni haitaki mafundi wa kando ya reli. Alilirekebisha blanketi juu ya kile kioo, taratibu, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Niliondoka na tumbo linanguruma, na tangu hapo njia ya Malampaka nimeiacha.

Baba yako,
Mabula


Bariadi mjini,
21 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nastahili kuitikiwa. Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia, na sababu unaweza kuikisia.

Jana Milembe alipigiwa simu na mama kutoka Mwanhuzi, mlikokuwa mnakwenda msibani. Nilisikia yote. Kwamba penye tuta kioo kilichomoka kizima kikamwangukia mama, na mkono umeshonwa nyuzi tisa. Milembe akaniuliza, ile gereji ni ya nani? Nikatoka nje, nikajifanya naangalia pikipiki. Nikakutana na zile tairi.

Baba, sharti hakuna. Ukurasa wa tatu unasema kinyume kabisa: mwenye gari anajichagulia fundi wa kioo, ila apeleke makadirio na picha kabla ya kazi kuanza. Gereji ni ya shemeji yake bosi. Tuliambiwa kila anayepasua kioo tumsukumie huko. Niliogopa kufukuzwa kazi, huo ni ukweli. Lakini tairi walizonipa nilizipokea bila kushikiwa panga. Nimewadanganya na wengine, akina Mahona na mama Violeth wa dukani.

Naona aibu hata kuandika jina la mama. Milembe bado sijamwambia.

Kasmiri


Nkololo,
1 Septemba 2024

Ng'wana wane, mwanangu Kasmiri,

Marahaba. Mkono wa mama yako unafunga vizuri, nyuzi zinatolewa kesho. Anakusalimu, na hajui.

Mimi nilijua. Kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza, Mwalimu Goodness wa shule ya hapa alinisomea karatasi yote ya bima. Nakala ulinipa mwenyewe siku ya kukata bima, ipo sandukuni. Nilikuomba ukurasa ili aibu ikupate mapema, ingali ndogo. Uliponijibu vile, nikabaki na njia mbili. Nikimpa Jilala kazi yake, ofisi itauliza, na uongo wa mkwe wangu utafika kwa binti yangu. Au nikusitiri. Hiari ilikuwa yangu, karatasi imesema, nami nikachagua kumwaibisha mtu asiye na kosa. Niliibonyeza ile gundi kwa kidole pale gerejini, ikanata, haijakauka. Nikaendesha hivyohivyo. Nikampakia Mektilda. Mzigo huu tuliufunga wawili, usijifanye unaubeba peke yako.

Jana niliendesha mpaka Malampaka bila kioo, vumbi limenijaa kinywani. Nilimweleza Jilala yote, langu na lako. Akaenda kuliondoa lile blanketi, na kioo kilikuwa hakijauzwa. Akaniuliza kama nimekula.

Nikasema sijala.

Kioo kimewekwa, lakini mimi nimerudi kwa basi. Ufunguo uko mfukoni mwake na amekataa kunipa, anasema mwenye kuufuata ni wewe. Kwanza mwambie Milembe. Halafu wapitie wote uliowapeleka kule, uwaambie hiari ilikuwa yao. Ukimaliza, nenda Malampaka. Utalala kwake kama tunavyolala wote. Atakuuliza kama umekula. Nenda na njaa.

Baba yako,
Mabula