Kaka, Niletee Isale

Kaka Elia,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana tangu Pasaka umeamua kunyamaza, na kunyamaza hakukuwa kawaida yako hata siku moja.

Imeshika! Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye lile jiwe la kufulia, nyuma ya nyumba hapa Uru, kaburi lako liko mbele yangu kati ya migomba, na natamani nipige kelele mpaka wanisikie Moshi mjini. Saketi yetu imeshika, kaka. Kwa nusu volti!

Chipu imerudi kutoka kiwandani ughaibuni wiki iliyopita. Nafasi ya kutengenezewa ilikuwa hiyo moja tu. Tangu ulipofariki, wale wakubwa wa mradi waliotupatia nafasi walikuwa wananiuliza kwa upole, ule upole wa msibani, kama si vizuri niwaachie wengine. Na chipu ingekataa, kazi yako yote ingeishia kwenye droo pamoja na jina lako. Nikagoma kuiachia. Niliwajibu vibaya kidogo, ungecheka.

Ugomvi wetu unaukumbuka. Kazi ya saketi hii ni kuufanya mdundo wa kasi sana ufuate mdundo mmoja wa polepole na mtulivu, usiutangulie wala usibaki nyuma. Umeme ukiwa wa kutosha, hilo si jambo. Lakini kwa nusu volti, kile kidhibiti kimoja ulichokitaka wewe lazima kivute mbali kwa umeme kiduchu, kwa hiyo kikitikisika kidogo tu, mdundo wote unayumba. Mimi nikasema tuweke viwili. Kikubwa kitufikishe karibu, kisha kitulie. Kidogo, cha taratibu, kimalizie. Ukaniambia, "Aika, wewe unataka kunichimbia mfongo humu ndani."

Ndiyo, mfongo, kama huu huu unaoleta maji migombani! Na nani alinifundisha kwamba haufunguliwi kwa pupa? Zamu yetu ya maji ilipofika, wewe uling'oa mawe na magogo yote ya migomba yaliyouziba kwa mara moja, kisa ulitaka kuwahi mpira. Maji yakazoa maharage ya Mama, yakaingia mpaka jikoni kwa mzee jirani. Baba akakukatia jani la isale, akakusukuma uende ukaombe radhi. Nilikufuata nyuma nikicheka, ukanifinya. Yule mzee alikuwa amevimba kwa hasira, lakini alipoliona isale mkononi mwako akashusha pumzi, akaishia kutupatia ndizi mbivu. Isale likiletwa halikataliwi.

Hoja yako haikuwa ya kipuuzi, hilo nakubali. Ulisema joto likibadilika, kidhibiti kidogo kitaishiwa nguvu na saketi itaachia. Tukabishana mpaka ukiwa kitandani unaumwa. "Haya, fanya unavyotaka," ukasema, "ila ikikataa usije kunililia kaburini." Mama akakukemea. Mimi nilicheka, halafu nikatoka nje.

Baada ya mazishi nikakiongezea kile kidogo nafasi ya kutosha kwenda na joto likibadilika, nikatuma mchoro kiwandani.

Juzi, kwenye kale kachumba ketu ka Rau, nikaiwasha. Mstari wa mdundo kwenye skrini ya oskiloskopu ukatetemeka, ukahangaika, ukatulia tuli. Nikaiwekea mfuko wa barafu juu yake. Imeshika. Nikaazima draya ya Mama Saumu wa saluni ya jirani, nikaipuliza mpaka meza ikanuka. Imeshika! Mama Saumu kasimama mlangoni, "We Aika, unamkausha nani nywele humo?" Nikamrukia shingoni. Hakuelewa chochote, masikini, lakini alipiga vigelegele mpaka wateja wake wakatoka nje na rola kichwani.

Wale wakubwa wameviona vipimo. Sasa wanasema "kazi yenu". Yenu, kaka! Jina lako limetangulia, nimeliandika mwenyewe na sikumuuliza mtu.

Nyumbani tupo. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, na Mama kamwita Volti, eti ndilo neno pekee aliloambulia kwenye mabishano yetu. Ameanza tena kuimba akikata majani. Sauti bado inakatika katikati ya wimbo, lakini anaimba.

Kwa hiyo, bwana mkubwa, nimekushinda. Ulitakiwa uje mlangoni kwangu na isale mkononi, na mimi nilishapanga kukuweka nje kwanza, usote kidogo. Hata maneno nilishayaandaa. Ila huji, kaka. Huji. Basi nimelichuma mwenyewe, kwenye haya masale tuliyopanda kichwani pako, nikajiletea kwa niaba yako, na nimelipokea kwa mikono miwili. Umesamehewa, mbishi mkubwa wewe.

Kesho naanza nyingine, ya umeme mdogo kuliko huu. Nakuahidi kwenye kona yake nitachora jani la isale, dogo kiasi kwamba ataliona mwenye hadubini tu. Watakaouliza nitawaambia habari zako.

Pumzika, kaka. Ulisema ikikataa nisije kukulilia hapa. Haikukataa. Nimelia vilevile.

Mdogo wako,
Aika