Kesi ya Hadubini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nakuwaza kila asubuhi unapopanda zile ngazi za mahakama na ndoo yako, kabla hakimu hajafika. Usisogeze mabenchi peke yako. Mwite mlinzi akusaidie, hata akinung'unika. Mimi ni mzima, kikohozi kimeniacha, na ninakula mpaka sketi inalalamika.

Uliuliza lile somo la sheria tulilolianza kidato cha tatu ni la nini hasa. Nami mwanzoni nilidhani ni la kukariri vifungu. Kumbe mwalimu wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, hana haja na kukariri. Anatufundisha kwamba mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa, na kwamba shahidi husema alichokiona, si anachokidhania. Nilimwambia wewe huyasikia hayo bure ukifagia korido. Alicheka sana, akasema atakualika uje umsaidie kufundisha.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Wiki tatu zilizopita hadubini ya maabara ilikutwa sakafuni, kioo kimepasuka. Lawama zikamwangukia msichana wa darasa letu tunayemwita Redio, maana hanyamazi hata akiwa anatafuna. Kulikuwa na shahidi mmoja tu, aliyempa makamu mkuu wa shule karatasi kwa siri, akiandika kwamba alimwona Redio akitoka maabara mbio. Kamati ya nidhamu ikaamua afukuzwe. Redio alilia, akaapa kwamba siku ile hakukanyaga maabara, lakini hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Darasa zima likawaka. Tukaenda kwa mkuu wa shule kuomba asikilizwe. Mkuu alitutazama juu ya miwani, akasema anaona tumeshakuwa mawakili. Kisha akatupa dakika kumi mbele ya kamati. Wenzangu wakanichagua mimi nimsemee, eti nina mdomo.

Laiti ungeniona, mama! Shati limenyooka kwa pasi. Redio amekaa pembeni, anatafuna ukucha. Nikauliza kama shahidi aliuona uso. Makamu akaisoma karatasi, akajibu imeandikwa "nilimwona", basi. Nikaomba shahidi aitwe aulizwe. Makamu, ambaye peke yake ndiye aliyelijua jina hilo, akanikazia macho, akasema jina la shahidi ni siri.

Mama, hapa naomba ukae kitini. Shahidi yule nilikuwa mimi.

Nilikuwa na kinyongo na Redio tangu aliponicheka nilipokosea kusoma ubaoni. Nilichokiona pale mlangoni ni mgongo na sweta ya kijani, ile ile tunayovaa sote. Jina nililiongeza mwenyewe. Tangu tulipofundishwa habari za ushahidi sikuwa na raha, ila ujasiri wa kusema sikuwa nao. Siku ile ulinijia. Nikasema mbele ya wote: "Karatasi hiyo niliiandika mimi, na uso sikuuona."

Mkuu akamuuliza Redio saa ile alikuwa wapi, naye akataja chumba cha wagonjwa. Mkuu akaagiza daftari la huko liletwe, na kweli, saa ile Redio alikuwa amelala huko na homa. Uamuzi ukafutwa pale pale. Aliyeiangusha hadubini bado anatafutwa, na safari hii wanauliza maswali kwanza.

Nami nimeadhibiwa. Nimevuliwa ukiranja, na nimesoma barua ya kuomba radhi mbele ya shule nzima. Redio hakunisemesha siku nne. Ya tano alinisogezea kiti bwaloni, akasema kama wakili najitahidi, ila kazi ya ushahidi nisiiombe kokote.

Mkuu amekuandikia barua kuhusu adhabu hiyo. Ukiipata, itie saini bila kuinamisha kichwa. Nilikosea, nikasema nimekosea, tena wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Tangu siku ile natembea kifua mbele, na ningependa nawe utembee hivyo.

Nisalimie dada na mtoto wake, na mlinzi pia.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako