Baibui Mlangoni mwa Jumba la Ukutani

Khuwair ya Kusini, Maskati

Mama yangu,

Shikamoo. Itikia marahaba kwanza, ndipo Zuhura aendelee kusoma. Nawe Zuhura mdogo wangu, msomee Mama polepole, usiruke maneno kama ulivyofanya barua iliyopita. Goti linaendeleaje, Mama? Yale mafuta niliyompa jirani akuletee yamefika? Mimi mzima, ila joto la huku acha tu. Maji ya bomba mchana hayanawiki.

Kazi ni ile ile, kumwangalia Bibi. Nilikwambia ni Mwarabu wa Unguja, kaja huku bado msichana, na Kiswahili chake kinanishinda mimi niliyekulia Tanga! Mwanawe, Bwana Nassor, ana wazimu wa kununua picha za majumba ya Ulaya: mahakama, maktaba, stesheni za treni. Si za kamera. Anasema katika karne ya kumi na tisa fundi alichora juu ya jiwe, akalipaka wino, kisha akapiga chapa karatasini. Ukuta wa sebule umejaa, na mfuta vumbi ni mimi.

Moja ina jumba la nguzo na ngazi pana. Mlangoni kasimama mwanamke, mdogo kama punje ya mchele, kajifunika nguo nyeusi. Basi kila alasiri, baada ya kahawa, Bibi husimama mbele yake akaita, "Hodi!" Nami kanifundisha niitikie, "Karibu!"

"Yule mama yangu," huniambia. "Huoni baibui lake?"

Juzi Bwana Nassor alimsikia, akacheka. "Mama, hiyo ni mahakama ya Ulaya! Huyo Mzungu, kavaa joho la baridi."

La haula! Nilitamani nimzibe mdomo kwa kitambaa cha vumbi.

Mwanawe alipotoka, Bibi akanishika mkono. "Nnajua, mwanangu. Unguja hakuna jumba lile. Lakini mama hakupigwa picha hata moja, akiona haya. Sura yake imenitoka. Nnakumbuka baibui tu, na anavyosimama mlangoni."

Mama, nilikwenda jikoni nikafumba macho nikutafute. Nikaona mikono yako inachambua mchele, nikasikia unavyonigombeza. Uso haukuja upesi. Ulikuja, lakini niliungoja. Nililia, sikufichi.

Nawe ni yule yule! Harusi ya Zuhura ulijificha uani mpaka mpiga picha akaondoka, eti uzee hauna picha. Hivi huku sina yako hata moja.

Jana Bibi hakujisikia vizuri, akabaki chumbani. Alasiri ilipofika nilikuwa mbele ya jumba lile na kitambaa changu. Nikajikuta nasema, "Hodi."

"Karibu, mwanangu," Bibi akaitikia kutoka kitandani.

Nisalimie Shangazi wa genge la mboga, na Mjomba fundi cherehani, mwambie kanzu zake nazisifu hata huku. Msalimie na shemeji, mume wa Zuhura, maana yeye ana kamera. Simama mlangoni kwetu, Mama, akupige. Ukitaka kununa, nuna, mradi uso uwe wazi. Nisije nikazeeka nikimpigia hodi mama wa watu.

Mwanao anayekutamani,
Mwanaidi