Mkwe wa Chuma

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili mchana.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima. Hata mgongo ulionisumbua mwaka jana umepona, na hapo ndipo habari zangu zinapoanzia.

Unakumbuka nilivyoumia nikimtoa mama kitandani, baada ya yeye kupooza upande mmoja. Mtaalamu wa viungo pale hospitali aliniazima chuma cha mazoezi, kizito, cha mviringo, chenye mkono juu kama wa birika. Akaniambia nisihangaike na mengi, mazoezi ni mawili tu: kukibembeza kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua, na kulala nacho chali kisha kusimama nimekinyanyua juu. Basi kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilikuwa uani natoka jasho.

Mama alinitazama kutoka dirishani, anacheka. Kwa kuwa sijaoa, chuma kile akakiita mkwe wake: hali, hanuni, wala hadai nguo mpya. Jirani yetu muuza mkaa alipouliza nitaoa lini, mama alimwonyesha uani.

Chuma hakibadiliki uzito, kwa hiyo maendeleo yangu niliyapima kwa mama mwenyewe, kwa ile safari ya kitandani hadi kitini. Mwanzoni nilihema kama nimebeba kabati. Baadaye nikawa nambeba huku tunapiga soga. Kila nilipoona nafuu nilichora mstari wa chaki nyuma ya mlango, na nikisahau yeye ndiye alinikumbusha. Mistari ikajaa, nami nikavimba kichwa.

Mwezi uliopita nilishikwa na homa kali, nikalala siku nyingi, mama akawa anahudumiwa na shangazi. Nilipopata nafuu nilikwenda kumwinua nikijua nitapata taabu. Akaja mikononi kama kitambaa. Nikatoka uani kumjaribu mkwe, akanishinda kumtoa chini.

Ndipo nilipoelewa, dada. Mama ndiye aliyekuwa anaisha, na mimi nilikuwa najisifu. Tena fundi nguo mzima! Magauni yake nimeyabana ubavuni mara kwa mara, nikilaumu vitambaa vya siku hizi kwamba vinalegea. Watu baki nawapima kwa futi, mama yangu sikumwona.

Daktari amemchunguza. Ugonjwa uko tumboni na umekwisha kuenea. Anasema hakuna cha kupasua, ni kumtunza tu, na anayetaka kumwona asichelewe. Naumia kukuandikia maneno haya, lakini nani mwingine atakuambia?

Nilimuuliza mama kama alikuwa anajua. Akanishika mkono kwa ule wake mzima.

"Nilijua," akasema. "Ila ulikuwa unafurahi sana ukichora mistari yako, mwanangu. Nikaona nisikuharibie."

Nikamwambia basi chuma nakirudisha kwa mwenyewe. Akakataa.

"Usimwache mkwe wangu. Kuna siku utanibeba na wenzako, na sitaki uyumbe."

Kwa hiyo nafanya mazoezi bado, naye bado anatazama dirishani. Chaki nimeitupa.

Shangazi anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na wanao waambie bibi yao anawataja kila siku. Mungu akufungulie njia, akukutanishe na mama akiwa angali anacheka.

Katika barua yako ulisema unaogopa kuja, kwamba kwa mkono wako ule uliovunjika utakuwa mzigo tu, hutaweza hata kumwinua. Omba ruhusa kazini uje, dada. Utambeba. Hata kwa mkono huo utambeba.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fundi