Kiapo cha Baba na Safari Yangu ya Nchi Tatu

Jumapili. Upepo wa Same leo umetulia, jambo la nadra. Hata bati la jirani lililolegea limenyamaza. Nami nimetulia. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nimelala bila kuota nimerudishwa mpakani.

Baba anajua.

Nafundisha jiografia sekondari hapa mjini, mwaka wa kumi na tisa huu. Nimewachorea watoto wa watu mto Zambezi na jangwa la Kalahari mpaka chaki imenikausha vidole, lakini mimi mwenyewe nje ya nchi nimefika Taveta tu, tena kununua viatu. Ndiyo maana napanga kwenda kwa barabara: nitokee Tunduma, niivuke Zambia yote, nipite Botswana, niingie Namibia hadi nione bahari ya upande wa pili. Likizo ya Juni, wiki nne. Ndege siitaki. Nataka kuona ardhi inavyobadilika, maana ndilo somo langu.

Pasipoti ninayo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ninayo. Majina ya miji ya kubadilishia mabasi nimeyaandika kwenye daftari. Ila kumwambia baba niliahirisha kwa miezi sita.

Baba anaishi peke yake Suji tangu mama afariki. Ana miaka sabini na nane na goti bovu. Jumamosi ni zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la wazee wetu linalokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Zamu ikifika na wewe hupo na jembe lako, maji yanakwenda kwa mwingine na maharage yako yanabaki yanakutazama. Kwa hiyo kila Jumamosi alfajiri napanda basi hadi Makanya, halafu pikipiki hadi juu, nafungulia maji. Nilijiambia kwamba nikimweleza naondoka atanikataza, au atanyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya zaidi.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Maombi ya pasipoti yalitaka cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na baba hana cheti. Ikabidi ashuke mjini, mahakamani, kuapa kiapo. Nikamdanganya kwamba ni mambo ya utumishi, shule inapanga upya mafaili. Akavaa koti lake la kanisani, akaja, akaapa, akarudi zake. Nikamshukuru Mungu kwa urahisi ule.

Nilisahau kwamba Mpare haingii mahakamani bila kuuliza kesi ni ya nini. Watani zetu Wachaga husema sisi tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na huwa nawajibu vikali, ila kwa baba yangu sina utetezi. Nilipotoka kwenda kutoa nakala, alimuuliza karani. Karani akamwambia, "Mzee, viapo kama hiki wengi wanavipeleka uhamiaji."

Hayo nimeyajua jana. Nilikuwa nimesimama mferejini, matope hadi vifundoni, hotuba yangu nimeikariri. Nikaanza, "Baba, kuna jambo la shule mwezi wa sita..."

"La shule au la pasipoti?"

Nilitamani mfereji unimeze. Alikuwa anajua tangu Novemba! Kila Jumamosi alinitazama nikipanda mlima na uongo wangu, akanipa chai, akaniuliza habari za wanafunzi.

Kisha akanipa utaratibu, kwa ukali, kama anayesoma hukumu. Mwezi huo wa sita Mama Eliudi, jirani yetu wa bondeni, atafungulia maji ya mashamba yote mawili, na nikirudi nitamshikia zamu zake idadi hiyohiyo. Wamepatana tangu Krismasi. "Ndiva ilikuwepo kabla hujazaliwa, Nakijwa. Unafikiri nani alikuwa anaifungua?"

Nikacheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Nilimuuliza kwa nini hakusema kitu muda wote huo.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme. Mama yako alitaka kwenda Mombasa kumwona dada yake. Nikamwambia asubiri tuvune. Kila mwaka nilimwambia asubiri tuvune." Halafu akainama kutoa majani mferejini, ingawa hayakuwa yameziba chochote.

Nilishuka mlima nikiimba nyuma ya pikipiki. Dereva akaniuliza kama nimeposwa.

Lakini humu kwenye shajara niliahidi kuandika ukweli. Leo baada ya ibada nimekunjua ramani mezani. Baba hanizuii. Maji hayanizuii. Na bado naogopa. Naogopa kulala katika mji ambamo simjui mtu hata mmoja. Namwogopa afisa wa mpakani atakayeniuliza nakwenda kufanya nini, nami sina jibu zaidi ya kwamba nakwenda kuona. Miezi sita nimekuwa nikisema siwezi kuondoka kwa sababu ya baba. Nampenda baba yangu, hilo halina mjadala, lakini pia nilijificha nyuma ya goti lake.

Ushahidi ninao. Mtumishi wa umma haendi nje ya nchi bila kuandika barua ya kuomba kibali. Kurasa zote zile za daftari, miji yote ile, na barua hiyo moja sikuwa nimeiandika.

Nimeiandika leo saa nane mchana. Ina aya tatu, na ya pili nimeifuta mara nne kwa sababu ilikuwa inaomba radhi, sijui kwa kosa gani. Kesho kabla ya kengele ya kwanza itakuwa mezani kwa mkuu wa shule. Anaweza kukubali, anaweza kukataa. Akikataa, nitaumia, kisha nitaomba tena Desemba.

Ila mara hii, neno "hapana" halitatoka mdomoni mwangu.